Spika ya Avit Ninayo, ya Celina Imegoma

Mpendwa Bi Hafidha,

Kabla sijakulilia shida yangu kwenye safu yako ya gazeti, jua kwanza kwamba unaandikiwa na mtu ambaye bahati humfuata mpaka bafuni. Naitwa Muharami, fundi redio wa Kashai hapa Bukoba, shule niliishia kidato cha pili lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma, Kampala nimelala, Mwanza nimelala, Nairobi sikulala kwa sababu nilikuwa nalinda viatu, na mwaka huu bahati yangu imepita kiasi, kwani nimepewa spika ya zamani, bure, kwa mikono miwili, na mzee mmoja wa Kishanda kule Muleba anayeitwa Ta Avit, mtu ambaye majirani zake wanasema hajawahi kumpa mtu hata ndizi iliyoanguka yenyewe.

Sasa sikiliza ilivyoanza. Girish, yule mwenye duka la vyombo vya umeme mjini, aliniita akasema, "Muharami, njoo uondoe jini lako stoo kwangu." Kwenda kuangalia, nikakuta amplifaya ya valvu, yaani ile yenye taa za kioo zinazowaka ndani polepole kama makaa, ya kizazi cha redio za babu zetu, nzito kama gunia la kahawa. Girish akaniambia aliuziwa na watu wa ukoo fulani wa Kishanda baada ya msiba wa mwalimu mstaafu aliyependa muziki kuliko mshahara. Tukapatana bei bila kugombana, jambo ambalo mimi na Girish hatujawahi kulifanya tangu tufahamiane, na nilipokuwa naibeba akanisindikiza hadi mlangoni akasema, "Usiiwashe bila spika, itajiunguza tumbo."

Nikaifikisha nyumbani, nikaiunga na spika zangu za kisasa, zile nyembamba ndefu zilizoandikwa wati elfu moja, nikakaa kwenye kochi kama waziri, nikawasha. Bi Hafidha, ilitoka sauti ya mtu anayesoma risala akiwa na kiazi cha moto mdomoni. Mke wangu Sumaiya alikuwa anachambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa, "Baba Riyadhi, hiyo inaimba au inaugua?" Nikamwambia mke wangu huu ni utaalamu, akasema basi utaalamu unywe dawa.

Mimi nikiulizwa swali la namna hiyo siwezi kutulia, nataka kujua, kwa nini kitu kizuri hivyo kiimbe vibaya hivyo, nikawaza kwamba huenda ni kama mtu na kwao, inataka spika zake yenyewe ilizozaliwa nazo, nikapanda gari nikaenda Kishanda kuzitafuta. Huko ndiko nilikokuta maajabu. Wazee wa ukoo walipokaa kugawa vitu vya marehemu waliona masanduku mawili ya mbao yanayofanana, wakaona watoto wawili, Avit na dada yake Celina, wakasema kazi imekwisha, sanduku moja la Avit, moja la Celina, na kile chuma chenye taa kwa kuwa kilikuwa kimoja na hakigawanyiki, kiuzwe. Wamegawa jozi ya spika kama watu wanavyogawa mbuzi, huyu wako huyu wangu, na hakuna hata mmoja pale aliyesema jamani hivi vitu huimba pamoja.

Ya Avit niliikuta imebebeshwa televisheni. Na mimi, kama unavyojua mafundi, sitembei bila betri ya tochi mfukoni, maana ukigusisha nyaya mbili za spika kwenye betri, spika nzima hukohoa mara moja, kho, na iliyokufa hukaa kimya. Basi tukaongea na Ta Avit habari za kahawa na mvua, na kufikia mchana alikuwa amenipa, nikaipakia nikaja nayo Kashai.

Nilipoiunga, Bi Hafidha, sijui nikuambieje. Amplifaya ile ile, waya ule ule, lakini ngoma iliingia sebuleni na viatu vyake. Nikasikia kidole cha mpiga gitaa kinavyoteleza juu ya waya kabla hajapiga. Sumaiya akaacha mchele akaja kusimama karibu, akasema, "Kumbe alikuwa mzima." Lakini ni upande mmoja tu, upande wa pili bado ni yule bwana wa kiazi, ni kama kusikiliza mtu na mkewe wanagombana wewe ukamsikia mume peke yake. Sasa nimebaki na udadisi unaonila, zikikaa mbili, mwimbaji atasimama wapi? Watu wanaojua wanasema husimama katikati, mahali ambapo hakuna kitu, hewani kabisa. Nataka kumwona kwa masikio yangu kabla sijafa.

Nikaenda kwa Celina. Yeye ni fundi cherehani pale Muleba mjini, na spika yake ameifunika kitambaa cha kufuma, juu yake ameweka picha ya baba yao. Akanikaribisha vizuri, akanisogezea kikapu cha punje za kahawa za kutafuna.

"Tafuna kahawa, mwanangu. Nasikia spika ya kaka yangu unayo."

"Kasinge, asante, Ma Celina. Ninayo, alinipa."

"Nani alikupa?"

"Ta Avit mwenyewe, kwa mikono miwili."

"Avit wa Kishanda? Au kuna Avit mwingine amezaliwa?"

Nikasema ndiye huyo. Akacheka mpaka akafunga kitenge upya. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Tulipomaliza matanga nilimwomba Avit tuziweke hizi spika nyumba moja, hata kama ni kwake, nije tu nisikilize Jumapili. Akasema yake itatoka mle ndani siku yeye akitoka kwa jeneza. Huu mwaka wa tatu hatusemezani. Leo ampe fundi wa Kashai."

Nikataja bei nzuri. Akatikisa kichwa. "Sikuuzii. Kama Avit kakupa bure, na mimi nitakupa bure, sitashindwa na yeye kwa ukarimu. Mlete hapa. Aseme kwa mdomo wake kwamba alikupa, uichukue siku hiyo hiyo."

Sasa Bi Hafidha, hapo ndipo nilipokwama. Kumleta Ta Avit haiwezekani, kwanza ana mguu, halafu ana kahawa anaanika, tena ni mtu mzito wa kusafiri. Nikaona nikuombe wewe, kwa kuwa ninyi watu wa magazeti mna kalamu, uniandikie barua fupi kama vile inatoka kwake, yenye maneno ya kaka kwa dada, mimi nitaipeleka. Nikiikosa spika ya Celina, hii moja itanitia wazimu. Nisaidie dada yangu.

Muharami, Kashai


BI HAFIDHA ANAJIBU

Muharami, umenichekesha, na kisha umeniudhi, kwa mpangilio huo huo.

Tuanze na muziki, maana najua ndiko roho yako iliko. Nimemuuliza Mzee Anwari, aliyetengeneza redio za valvu kabla wewe hujajua kushika bisibisi. Anasema swali lako ni zuri. Amplifaya ya taa ina nguvu ndogo, wati chache tu, lakini ina adabu. Hizo spika zako nyembamba zinataka kusukumwa na ng'ombe. Spika za zamani zina karatasi pana na nyepesi, zinaitikia hata kwa pumzi. Hiyo wati elfu iliyoandikwa nje ni mzigo ambao spika inaweza kuubeba, wala haikuambii itaimba vipi. Geuza spika nyuma, soma namba ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wake, kisha uiunge pale amplifaya palipoandikwa namba hiyo hiyo, usikisie. Usiache upande wowote bila spika, Girish alikuambia kweli. Na siku ukizipata mbili, alama nyekundu iende kwa alama nyekundu pande zote, ukichanganya mwimbaji hatasimama katikati, atatawanyika chumba kizima kama moshi.

Sasa tuje kwenye bahati yako.

Mtu amemnyima dada yake wa tumbo moja. Amekubali kukaa miaka mitatu bila kumwamkia, kwa ajili ya sanduku hilo. Halafu siku moja anakuja mgeni, wanaongea habari za mvua, na kufikia mchana amempa bure. Nimeishi na watu wa Muleba, Muharami. Ni wakarimu, watakulisha mpaka uombe msamaha. Lakini hilo halipo.

Tena unaniambia Avit haletiki kwa sababu ya mguu, kwa sababu ya kahawa, na kwa sababu ya uzito. Mtu mkweli huwa na sababu moja. Na betri ya tochi ilikuwa mfukoni mwako, umeniandikia mwenyewe. Iligusa nini kule Kishanda, ikasema nini, na wewe ukamwambia mzee wa watu nini? Sitaki unijibu mimi. Mimi sikuwepo.

Barua ya Avit siandiki. Umeniomba nimwekee mtu maneno mdomoni ili dada yake atoe kitu cha baba yao. Una roho nzuri, inaonekana, mtu mwenye roho mbaya hawezi kusikia kidole cha mpiga gitaa. Basi usiitumie vibaya.

Fanya hivi. Kodi gari, pakia amplifaya yako na spika ya Avit, nenda Kishanda mchana kweupe. Mwambie Avit lile ambalo hukumwambia siku ile. Akikufukuza, umestahili, mrudishie spika yake pale alipokuwa ameweka televisheni, tena uinyanyue wewe. Asipokufukuza, mwombe mwende wote kwa Celina. Muziunge spika zote mbili mbele yao, wasikilize kile wazee walichokigawa bila kujua. Baada ya hapo waamue wenyewe, wauze zote, wabaki nazo zote, wakupe, wakunyime. Wewe usinunue moja. Jozi haiuzwi nusu.

Unaweza kurudi Kashai mikono mitupu. Lakini utakuwa umemwona huyo mwimbaji amesimama hewani, na hilo ndilo ulilosema unalitaka. Tena watu wa Muleba watakufungulia mlango ukipita. Fundi asiyefunguliwa mlango hata betri yake haina kazi.

Ukifika, tuandikie. Na uandike fupi.


UJUMBE WA MUHARAMI, ALIOOMBA UCHAPWE HAPA

Bi Hafidha, nimejitahidi kuwa mfupi. Nilisoma jibu lako kwa kinyozi, nusu ndevu zimenyolewa, nikaondoka hivyo hivyo.

Nilikodi gari nikaenda Kishanda na vyombo vyote. Nilipomwona Ta Avit ujasiri ukaniishia, nikamwambia nusu tu, kwamba Ma Celina anataka kumwona na anataka kusikia spika zikiwa mbili. Nilidhani atakataa. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kanisani. Mguu hauna shida yoyote.

Kule Muleba walisalimiana kwa Kihaya, maneno machache, kama watu wanaopimana shati. Ma Celina akaishusha picha ya baba yao, akaiweka kitini peke yake. Nikaunga kama Mzee Anwari alivyosema, omu kwa omu, nyekundu kwa nyekundu, tukasubiri taa zipate moto. Nikaweka santuri ya marehemu, Ma Celina alikuwa nayo pamoja na kinanda chake. Mwimbaji alisimama katikati, Bi Hafidha. Nilinyoosha mkono pale alipokuwa, hapakuwa na kitu. Ta Avit akasema, "Baba alikuwa anakaa hapa," akaonyesha mahali tulipokaa sisi. Dada yake akasema, "Na mguu anautikisa." Wakacheka pamoja.

Wimbo ulipokwisha, Ma Celina akageuka. "Sasa Avit, sema. Ulimpa huyu kwa mdomo wako?"

Ta Avit akaitazama spika yake, akanitazama mimi, akachukua punje ya kahawa akaitafuna.

"Nilimpa," akasema.

Ma Celina akainuka. Akaanza kukunja kile kitambaa cha kufuma, akaniambia, "Haya, chukua mwanangu, neno ni neno." Gari lilikuwa nje, mlango wa nyuma uko wazi, na hapakuwa na mtu yeyote aliyebaki wa kunikamata. Yule mzee alikuwa ananisitiri mbele ya dada yake, na mimi nilikuwa na mkono tayari kwenye mbao.

Nikautoa. Nikazima amplifaya kwanza.

"Ma Celina, kaka yako hakunipa kitu. Nilimwambia spika imekufa, nikijua ni nzima. Ile bahati niliyokuwa najigamba nayo ni uongo wangu."