Goti la Babu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Amahoro. Huku Rumonge tuko wazima, na mawese yametoka mengi. Unauliza kwa nini shule ya uuguzi inawakaririsha maneno ya Kigiriki.

Tulipokuwa vijana, babu yako aliumwa goti, akaambiwa kwenye dispensari kwamba ana arthrite. Akaja akalala, akakataa kula, akaita ndugu zake wa Nyanza-Lac waje kuagana naye. Jirani yetu muuguzi alipopita kumsalimia, akamwambia, "Kaka, Wagiriki waliita kiungo cha mwili arthron. Hiyo ite ya mwisho ni kuvimba tu."

"Kumbe ni goti langu lile lile?"

Akaomba samaki wa mukeke, akala pamoja na wageni waliokuja kumlilia.

Kariri, mama. Iko mtu mahali anaagana na ndugu zake kwa sababu ya jina tu.

Bibi yako, Mwajuma