Kisanduku Kisichohama

Chumba namba 9, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Alhamisi, 14 Machi

Mpendwa dada yangu Kitindamimba,

U hali gani huko uliko? Goti lako limetulia, au bado linatabiri mvua? Sisi huku tunapumua. Wifi yako anakusalimu sana. Bado nampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumatano na Jumamosi, na ulimi wake, nashukuru, haujaugua hata siku moja.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu habari hii ingekatikia katikati kwenye simu ya mwenye duka wenu, nami nataka uijue yote, pamoja na kosa langu.

Wewe ofisi ya majalada ya wahamiaji ilikwisha kukuhoji, ikabaki zamu yangu. Barua yao ilisema watanipigia simu ya video siku yoyote ya wiki hii, saa za kazi. Wakinikosa mara mbili, jalada lako la kuja kuishi nasi linarudi chini ya rundo. Miaka sita, dada, limekuwa likipanda. Nililala na kuamka na neno hilo: rundo.

Humu chumbani mtandao wa simu yangu ni wa kuvizia dirishani. Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nilikwenda dukani kutafuta intaneti. Muuzaji, binti mwenye kucha ndefu na subira fupi, alinionyesha vitu viwili. Kimoja ni kisanduku cheupe cha kuchomeka ukutani: unalipa kwa mwezi, kiasi ambacho pensheni yangu inakimudu, kisha unatumia bila kipimo. Kingine ni kidude cha mfukoni chenye betri yake. Hicho hula bando kama mchwa, na gharama yake karibu mara mbili.

Nilikishika kile cheupe nikauliza swali moja tu: "Kinaingia kwenye begi?"

Binti akacheka. "Babu, kinaingia hata kwenye kapu la sokoni!"

Nikalipa. Wengine watanicheka, ila wewe utanielewa. Tangu tulipotoka nyumbani sijanunua kitu bila kukipima kwanza kwa begi. Vitabu vyangu vyote vinakaa kwenye maboksi mpaka leo. Nikitaka kusoma nafungua boksi, nikimaliza nalifunga kwa kamba. Kwangu mimi, kinachoingia begini ndicho kinachosafiri. Sikuona la kuuliza zaidi.

Jumatatu na Jumanne taa ya kisanduku iliwaka kijani, nami nikakaa mbele yake nimevaa koti kama bwana harusi. Simu haikuja. Jana nikakifunga kwa taulo, tukapanda basi kwenda hospitali, mwendo wa saa mbili. Nikakichomeka karibu na kitanda cha wifi yako. Taa nyekundu. Nikachomoa, nikachomeka tena. Nyekundu.

Laini yangu katika mji ule ni ya kuongea na ujumbe mfupi tu, intaneti yake haifiki. Nikampigia binti wa dukani.

"Babu, umekitoa? Hicho kimesajiliwa kwa mnara wa mtaani kwako, ndiyo maana ni rahisi. Huko ulikokipeleka ni tofali!"

Sijamaliza kumeza mate, ujumbe ukaingia: wamenipigia, sikupatikana, watajaribu mara moja tu ndani ya saa hii.

Dada, wifi yako, amefungwa mipira ya damu mkononi, akaitazama ile taa, akanitazama mimi. "Yaani umenibebea tofali hospitali?" Kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa malori wanayemwita Breki. "Breki, msaidie mzee wangu kabla hajalazwa yeye."

Breki akatoa mfukoni mwa shati kidude kile kile nilichokikataa dukani. "Mzee, mimi maisha yangu ni barabarani. Intaneti ya kukaa nyumbani ya nini?" Akanitajia neno la siri, herufi moja moja. Betri ilikuwa ukingoni, na chaja yake alikuwa ameiacha kwenye lori.

Saa tano na dakika arobaini simu ikalia. Mama mmoja wa miwani akauliza majina ya wazazi, akauliza nyumba ilielekea wapi. Kisha: "Siku mlipoondoka, dada yako alibeba nini?"

Tulikutania kwa jambo lile mpaka ukalia, na baada ya hapo sijamsimulia mtu. Nikasema, "Mfuniko wa sufuria." Picha ikaganda, kalamu yake hewani. Breki akakiinua kidude juu ya kichwa kwa mkono wake usio na sindano.

"Rudia, mzee," sauti ikasema.

Nikarudia.

"Na sufuria?"

"Ilibaki mekoni. Alikuwa na miaka tisa."

Akaandika, akaandika. Akasema jibu litakuja kwa barua kabla ya mwezi kwisha. Nilipofungua mdomo kumshukuru, kidude kikazimika.

Kwa hiyo nasi tunangoja. Kesho nitarudi kwa yule binti kuchukua kidude cha safari, bando dogo tu, la Jumatano na Jumamosi. Nawe ukiitwa kusafiri, usichague kwa bei wala kwa begi kama mimi. Uliza kwanza kama kitawaka njiani.

Kisanduku cheupe sikirudishi. Nimekiweka dirishani, kinawaka kijani. Ni kitu changu cha kwanza kisichokubali kuhama, na jana jioni nilijikuta natoa vitabu kwenye boksi moja na kuvipanga kando yake. Wifi yako aliona, akanisogezea boksi la pili.

Nisalimie shangazi, na mpwa wangu fundi cherehani, na mwenye duka kwa uvumilivu wake. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akufungulie njia.

Sufuria nyingine ipo hapa, tuliyonunua badala ya ile iliyobaki mekoni. Miaka yote hii tunaifunika kwa sahani. Najua bado unao ule mfuniko, uje nao.

Ni mimi, akupendaye tangu nikikubeba mgongoni,
Kaka yako