Mishale Miwili Tu

Baba, shikamoo.

Najua marahaba yako haitonifikia, lakini sijawahi kuanza neno na wewe bila ya kukuamkia, na sitoanza leo. Nakuandikia jikoni kwetu Kiembe Samaki. Mama yuko mbele yangu anakuna nazi na kujifanya haoni ninachoandika. Ametoka eda, anacheka tena, na juzi amenigombeza kwa sababu ya chumvi, kwa hivyo usiwe na wasiwasi naye. Duka lako la Mji Mkongwe bado tunalo. Saa za watu nimewarudishia wote, isipokuwa ile ya yule bwana ambaye kila siku anakuja kesho. Naivaa mimi. Akija nitamvulia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kundi lako la matembezi la Jumapili. Lilikuwa karibu livunjike, Baba, na nusura mimi ndiye nilivunje.

Unaikumbuka siku niliyokuletea dukani programu yangu ya ramani? Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza chuo kule Tunguu, nakuja kifua mbele. Ulikuwa umeinamia saa ya kike, lenzi jichoni, ukaipokea simu bila ya kuinua kichwa. Nikaanza kukusomea: njia zote za mashamba, miinuko ya ardhi, kasi ya mtembeaji, idadi ya hatua, hali ya hewa, saa ya kufika, mpaka ndege wa msituni nilikuwa nimewatilia alama. Vitufe ishirini na mbili kwenye kioo kimoja. Uliitazama, ukaipeleka mbali na macho mpaka mkono ukaishia, ukairudisha, ukasema, "Mwanangu, saa ina vyuma mia ndani, lakini usoni ina mishale miwili tu."

Nikakujibu, "Utazoea, Baba."

Ulinirudishia simu yangu, na Jumapili ile ukawaongoza wenzako kama siku zote, kwa kichwa chako na kofia yako iliyochakaa. Mimi nikanuna wiki nzima. Neno lile "utazoea" linaniuma mpaka leo, maana hukupata wakati wa kuzoea kitu. Haikupita miezi miwili ukatuacha.

Baada ya arubaini yako wenzako walikaa barazani kwa Mzee Patrisi, fundi cherehani. Miguu ilikuwa inawawasha, lakini njia za mashamba hakuna aliyezijua. Hukumfundisha mtu kwa sababu ulikuwepo daima, na wao hawakuuliza kwa sababu hiyo hiyo. Wakaniita mimi. Sikufichi, Baba, nilifurahi. Nikawatilia programu watu kumi kwenye simu zao, wote wenye miwani, na Jumapili tukatoka.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Nilikuwa nimeifunza programu kwamba mtu akisimama njiani zaidi ya dakika tatu, basi ameanguka au amepotea, na simu ipige kelele kumwitia msaada. Dakika tatu. Mimi niliyelelewa na wewe, ambaye kutoka dukani mpaka msikitini ulikuwa ukichukua nusu saa kwa salamu peke yake. Nyumba ya kwanza ya shamba tulimkuta bibi anaanika makopa ya muhogo. Tukaamkiana, tukaulizana hali, mvua, wajukuu, mguu wake unaendeleaje, naye akataka kujua kila mmoja wetu ni mtoto wa nani. Hajafika mtu wa nne, simu kumi zikalia kwa pamoja. Ungo ukamponyoka yule bibi, akashika kifua, akauliza nani amekufa. Bi Mwanakheri, unamjua, ualimu ameustaafu lakini kusema hajastaafu, akamjibu, "Hakuna aliyekufa, bibi. Simu zetu ndizo hazikufunzwa adabu."

Ingekuwa hilo tu tungecheka tukaendelea. Lakini mbele njia iligawika mara tatu, na ramani yangu ilikuwa inajizungusha kila mtu anapogeuka. Pembeni kulikuwa na dira, ndogo kama punje ya mchele, yenye herufi N. Kila mtu akaisoma anavyojua, tukawa makundi matatu. Mzee Patrisi akapotea kabisa. Simu yake imezimika, chaji yote imeliwa na programu yangu, na sisi tunamtafuta vichakani mpaka adhuhuri, mimi nikisoma kila dua uliyonifunza. Kumbe alitokea barabara kuu, akapanda gari akarudi mjini. Alipopata umeme akatupigia, alikuwa keshaoga keshakula.

Jioni walikaa tena barazani. Hawakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Walisema ilibaki Jumapili moja ambayo wote wana nafasi kabla ya Ramadhani, na kwamba safari hiyo iwe ya kwako: kutoka Tunguu mpaka Bungi, ulikozaliwa na tulikokuzika. Tukifika, kundi linaendelea. Tukipotea, basi tena, kila mtu abaki kwake na magoti yake.

Nilirudi nyumbani nikamlalamikia Mama kwamba wazee wanaishika simu vibaya. Alikuwa bado eda, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuniangalia hata. Akasema, "Baba yako uso wa saa akiupima kwa mkono. Wewe hukuwa ukimuona?"

Nilikuwa nikikuona, Baba, kila siku baada ya skuli. Ulikuwa ukimaliza kutengeneza saa, unanyoosha mkono wote juu ya meza, unamuuliza mwenye saa, "Saa ngapi?" Basi. Akijibu papo hapo, unampa saa yake. Akikunja jicho, hukulilaumu jicho lake hata siku moja. Unairudisha saa mezani, unambadilishia uso.

Kwa hivyo Mama akawa mteja wangu. Hana pa kwenda, na mimi sina pengine pa kujaribia. Kila jioni nikinyoosha mkono juu ya ule mkeka, simu mbali na macho yake, nikiuliza, "Njia iko wapi?" Kila alipokunja jicho nilitoa kitu kimoja. Zikaondoka hatua, ikaondoka kasi, ikaondoka mvua. Siku ya kuwaondoa ndege nililia, Mama akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mchele. Vyote viko ndani bado, vinafanya kazi kimya kimya. Usoni ndipo nilipovitoa.

Ikabaki dira. Nikamuonyesha ile N, nikamweleza ndiyo kaskazini. Akaitazama, akasema, "Herufi hiyo mimi siijui. Nnaijua kibla." Na pale pale alipokaa, bila ya kufikiri, akainua mkono wenye mchele akaelekeza juu ya friji. Nikaangalia simu. Kidole chake na N yangu vilikuwa kitu kimoja.

Baba, nilicheka peke yangu kama mwehu. Kwetu sisi kibla ni kaskazini, hakuna asiyejua. Nimeielekea tangu nianze kusali, na ramani nimezisomea chuoni miaka mizima, na mambo haya mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu hata mara moja. Herufi nikaifuta. Nikatia mshale wa kijani wenye kijitao kama cha mihrabu ya msikitini kwenye ncha yake, na mshale mwekundu wa njia. Ramani nikaizuia isizunguke hovyo. Unageuka mpaka mshale wa kijani usimame juu, kisha unafuata mwekundu, basi.

Nilimwendea Mzee Patrisi kumtaka radhi, yeye Mkristo, nisije nikamtilia msikiti mfukoni bila ya idhini. Nilimkuta na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akaniambia, "Miaka arobaini nnaishi ukuta kwa ukuta na msikiti. Kibla yenu naijua kuliko mlango wangu."

Na zile dakika tatu nikazifuta pia. Sasa mkisimama, simu inanyamaza na kusubiri. Mazungumzo yakiisha, aliye mbele anabonyeza kitufe kimoja chini kilichoandikwa "Haya, twende." Unajua nimelitoa wapi neno hilo: mdomoni mwako, kila ulipomaliza salamu njiani.

Siku ilipofika nilikuwa na homa ya woga. Bi Mwanakheri akashika mbele, simu kainyoosha mbali kama anayejitazama kwenye kioo. Kutoka Tunguu kwenda Bungi kibla inakuwa nyuma, kwa hivyo mwekundu ulikuwa ukituelekea sisi wenyewe vifuani, na Mzee Patrisi akasema ndiyo maana wewe, Fundi wao, ulikuwa ukitembea huku unageuka nyuma. Tulisimama nyumba saba. Kwenye moja tulilishwa muhogo, kwenye nyengine tukachelewa kwa sababu Bi Mwanakheri aligundua ana undugu nao. Simu hazikusema kitu.

Tukafika mahali njia inapogawika. Wote wakasimama. Wakanyoosha mikono, simu mbali na macho, na hakuna aliyeniuliza. Kisha vidole vikainuka kimoja kimoja, vyote kumi, vikaelekea njia moja, ile ya kupita kwenye minazi mifupi. Nilibaki nyuma kidogo wasinione uso.

Tulifika kwako karibu na adhuhuri. Wanaume waliingia makaburini, sisi wanawake tukasimama kandoni, tukakusomea Fatiha. Mzee Patrisi alivua kofia. Bi Mwanakheri, huwezi kuamini, alinyamaza. Halafu kabla ya kuondoka nikatoa simu nitazame njia ya kurudi, nikanyoosha mkono mpaka ukaishia, kama ulivyofanya dukani siku ile. Machozi yalikuwa yamenijaa. Kaburi silioni, watu siwaoni. Lakini mishale niliiona. Kurudi Tunguu, kibla na njia ni upande mmoja, kwa hivyo ilikuwa imelaliana yote miwili, kama saa sita kamili. Wa kijani unatazama unakotazama wewe ulivyolazwa, na mwekundu unatupeleka nyumbani.

Kundi lipo, Baba. Ramadhani imepita, Idi imepita, na Jumapili hii Mama anakuja na sisi kwa mara ya kwanza, keshanunua na viatu. Neno langu lile nalirudisha. Aliyetakiwa kuzoea nilikuwa mimi. Mungu akurehemu na akupe nafasi kaburini mwako, na mimi nakuahidi kwamba siku nikitamani kutia mshale wa tatu, nitanyoosha mkono kwanza.

Haya, Baba. Mama anataka meza yake.

Mwanao,
Zuhura