Reflekta na Stendi ya Miguu Mitatu

Alhamisi jioni. Mvua imerudi, inapiga mabati, na mimi kukaa kitini siwezi. Nimechemsha chai mara mbili na zote zimepoa mezani.

Wiki hii darasa letu la upigaji picha lina kazi moja: chagua barabara, piga mandhari ya mji, na mtu asionekane hata mmoja. Mhadhiri anasema tunajificha nyuma ya sura za watu. Mimi nilichagua vibanda vya mtaa wa Langas, vile vya kando ya barabara vyenye mabati ya rangi rangi. Kazi tunaonyesha Jumatatu, na muhula uliopita niliponea chupuchupu.

Basi Jumanne asubuhi nilisimama ng'ambo ya barabara. Nilivaa reflekta ya kaka yangu, ile fulana ya kung'aa ya boda boda, kwa sababu tumeambiwa tuonekane na magari. Kofia niliivuta hadi kwenye nyusi, baridi ilikuwa kali. Kamera nikaiweka juu ya stendi ya miguu mitatu. Mtu akitokea, nangoja apite. Nikachungulia, nikasogeza stendi, nikachungulia tena. Nilirudi nyumbani na furaha yangu.

Leo mvua ilipopumzika kidogo nikarudi, bila reflekta wala kofia, kutafuta mwanga mzuri.

Vibanda viwili havipo.

Cha tatu, cha Mama Wambui anayeuza viazi vya waru na sukuma wiki, kilikuwa kinashuka. Mwenyewe alikuwa juu ya stuli anang'oa misumari. Nilimsalimia, nikamuuliza kuna nini.

"Wanabomoa hapa, msichana wangu. Jumanne walituma mtu wa kupima barabara. Ako na reflekta, ako na ile mashine ya miguu mitatu. Ametupima weee, hata salamu hajasema. Afadhali nitoe mabati yangu kabla tingatinga haijakuja."

Stendi ilikuwa mgongoni mwangu, ndani ya mkoba.

Ningemwambia hapo hapo kwamba ni mimi. Badala yake, Mungu anisamehe, nilimshikia bati lisimwangukie, nikapokea misumari akiitoa, nikaitia kwenye kopo. Akanishukuru. Akaniambia kesho asubuhi kuna fundi wa jua kali anakuja kununua hayo mabati, halafu yeye ataenda kwa dadake huko Kiplombe aone kama kuna kibarua cha shamba. Fundi akishayabeba, kibanda ndiyo basi.

Na bado sijamaliza. Alipoenda kutafuta mkokoteni, nilitoa kamera nikapiga picha. Nguzo nne, kipande cha udongo mkavu katikati ya matope, na nyuma yake mji wote, magorofa na nyaya za stima. Hakuna mtu. Ni picha nzuri kuliko zote nimewahi kupiga, na kila nikiiangalia naizima kamera.

Nimejitetea jioni yote. Uvumi wa kubomolewa sikuanzisha mimi. Watu kuogopa reflekta sikuwafundisha mimi, hiyo hofu wanayo tangu sijazaliwa. Ni kweli yote, na bado nainuka kila dakika kwenda dirishani.

Naogopa nini hasa? Kufokewa mbele ya watu. Na niseme ukweli, naogopa ataniambia nifute ile picha.

Ile ya salamu ndiyo imenikaa. Nilisimama mbele ya mlango wa mtu asubuhi nzima nikimngojea atoke kwenye picha yangu, na haikunipita akilini kuvuka barabara nimwambie mimi ni nani.

Kesho nitaamka mapema. Nitavaa reflekta ile ile, kofia ile ile, stendi nitaibeba mkononi ikiwa imefunguliwa ili kila mtu anitambue, na nitavuka kabla fundi wa mabati hajafika. Nitaanza na "Habari ya asubuhi, Mama."

Mengine sijui nitayasemaje.