Goti Lililotengenezwa Nusu

Jumatatu, 8 Septemba

Kazini Mbegani. Vigae vya sebule. Nimepiga goti, mara ya kwanza tangu upasuaji. Upande wa ndani, walioubadilisha kwa chuma na plastiki, kimya. Sasa ni mbele. Pia ya goti inasaga kama ina mchanga. Kunyanyuka kazi. Kupanda ngazi kazi. Kushuka ndiyo balaa. Mdogo wangu Idi, tunayefanya naye kazi, ananitazama kwa huruma. Siitaki.

Jumatano, 10 Septemba

Kliniki, Dar. Benchi tangu asubuhi. Daktari aliyenipasua hakuligusa goti. Kaangalia picha kwenye kompyuta, kasema chuma kimekaa vizuri sana. "Mazoezi tu, mzee. Na umri nao." Mzee! Nina miaka hamsini na sita. Inayoumwa ni picha au mimi?

Alhamisi, 11 Septemba

Mke wangu Mwanahawa kaniambia nivute subira. Nimemfokea mbele ya jirani, kwa kosa la daktari. Kaingia ndani, kafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwama. Nilipiga goti kuweka kigae karibu na mlango, goti likakataa kunyooka. Idi kanishika makwapani, kaninyanyua kama mtoto, mwenye nyumba kasimama anaangalia. Nikamsukuma Idi. Nikatupa nyundo ya mpira ukutani. Maisha yangu yote kwenye sakafu za watu wa Bagamoyo, leo nanyanyuliwa.

Jumanne, 16 Septemba

Tumerudi kwa daktari. Mwanahawa alikataa kubaki nyumbani. Kamwambia kwa adabu, "Daktari, habari za picha tumezisikia. Tunaomba umshike goti."

Kashika. Kaibonyeza pia ya goti huku nakunja mguu. Nikapiga ukelele. Akasema nyuma ya pia kumelika. Waliona hivyo siku ya upasuaji, wakadhani haitanisumbua.

"Mliona," Mwanahawa akasema. "Mbona hamkumwambia?"

Daktari anasema mazoezi ya paja kwanza. Yakishindikana, kubadilisha goti zima. Kupiga goti kazini, basi tena. Nilitaka kumkaba. Ningeambiwa, ningechagua mwenyewe. Hilo linaniunguza kuliko maumivu.

Jumamosi, 27 Septemba

Mazoezi kila asubuhi. Mwanahawa ananishikia mguu. Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Ya daktari hayajaisha. Siyafichi.

Leo nimerudi Mbegani. Nimemwambia Idi sakafu zote ni zake, mimi nichukue kuta. Akajibu, "Haya, kaka."

Tumefanya ukuta wa jikoni. Yeye kapanga mistari ya chini, mimi nikaendelea kuanzia kiunoni kwenda juu, nimesimama. Tulipomaliza nikapitisha kiganja pale mistari yake inapokutana na yangu. Hakikukwama popote.