Pipa la Kumi na Mbili

Kwako dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, na nawaombea ninyi nyote huko nyumbani uzima kama huo. Mama anaendeleaje? Na shemeji je, mgongo umemwachia? Wale watundu wangu wawili bado wanagombea kijiko kimoja? Nilinyamaza muda mrefu, si kwa kuwasahau. Kazi ilinikaba shingoni, na hiyo kazi ndiyo iliyonishikisha kalamu leo.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mimi ndiye msimamizi wa usafi wa jengo zima, ghorofa sita na chumba cha chini. Mwezi uliopita watu wa bima walimwandikia meneja kwamba hawatalikatia jengo bima tena mpaka waone mpango wa kushughulikia taka hatari: zipo zipi, ziko wapi, nani anazishika na zinatolewaje. Meneja akanipa wiki mbili. Aliniambia nisijisumbue sana, nijaze karatasi tu. Lakini unanijua, dada. Mimi nikipewa ufagio hufagia hadi nyuma ya kabati.

Nikaanzia juu. Kwa daktari wa meno nilionyeshwa chupa ya zebaki chini ya sinki, ubavuni mwa kopo la majani ya chai. Katika maabara ya ghorofa ya nne, sindano zilizotumika zilikuwa zinatupwa kwenye ndoo ileile ambayo wasichana wangu huibeba kwa mikono mitupu. Kwa wapiga chapa, matambara yaliyolowa mafuta yamerundikwa nyuma ya mlango wa dharura. Mwenye karakana hiyo ya chapa alicheka, akasema yamekaa hapo miaka na hayajamng'ata mtu. Nikaandika kila kitu. Nilijiona mtu wa maana sana.

Chumba cha chini nilikiacha cha mwisho. Funguo zake anazo mtunza stoo, mzee mmoja mpole ambaye sote tunamwita Mzee Funguo. Kiti chake hukiweka humo ndani kwa sababu pana ubaridi, na humo ndimo hula chakula chake cha mchana. Siku hiyo alishindwa kuingiza ufunguo kwenye tundu. Ukamponyoka mara ya kwanza, ukamponyoka ya pili. Nikamtania kwamba leo ameanza pombe mapema. Hakucheka.

"Vidole havinisikii tena, mwanangu," akaniambia. "Hata miguu naiona inatembea, lakini kama si yangu."

Hospitali walimwambia ni mishipa ya fahamu, ila chanzo hawakijui.

Ndani kulikuwa na mapipa ya plastiki ya bluu, yaliyoachwa na watu wa karakana ya kusafisha vyuma waliohama zamani. Baadhi yalikuwa yamevuja, na saruji chini yake imelika kama sabuni. Hewa ilikuwa na utamu, ule utamu wa matunda yaliyoanza kuoza. Nikanakili jina la dawa kutoka kwenye karatasi yenye picha ya fuvu iliyobandikwa pipani, nikatoka, nikampigia mwalimu aliyetufundisha mambo ya usalama kazini. Akanitaka nimtajie jina hilo herufi kwa herufi. Kisha akaniambia nifunge chumba na mtu yeyote asikae humo. Alisema dawa hiyo hula mishipa ya fahamu polepole, ikianzia kwenye vidole, na kwamba huingia ndani ya plastiki yenyewe, sabuni haiitoi.

Nikachukua daftari la stoo nihakikishe hesabu. Daftari linasema mapipa kumi na mawili. Mle ndani yapo kumi na moja. Nikamwambia meneja, naye akasema niandike kumi na moja, karatasi hailalamiki.

Dada, hapa ndipo nimekuwa nikipakwepa tangu nilipokuamkia. Pipa la kumi na mbili nililichukua mimi.

Ni miaka mitatu sasa. Nilikuwa bado mfagiaji, nikalikuta tupu pale mlangoni. Karatasi yake ilikuwa imebanduka nusu, mimi nikaimalizia kwa ukucha. Nikaliosha mara tatu kwa sabuni na majivu, nikalipakia kwenye gari la mizigo, nikamletea mama ili muache kuhangaika na ndoo za maji. Unakumbuka alivyolipokea. Akalipa cheo cha mkwe, maana mimi sijamletea mwingine, akasema huyu angalau hali wala hanuni.

Juzi nilipokupigia nikasema msinywe tena maji ya pipa lile, uliponiuliza sababu nilidanganya kwamba nimesikia habari za kipindupindu. Ulimi ulinikataa. Nilipokata simu nikaitoa barua yako ya mwisho, nikausoma tena ule mstari wako kwamba mama siku hizi anaangusha vikombe, nawe ukasema ni uzee. Mama hajazeeka kiasi hicho, dada.

Jana niliandika kumi na mbili, na mbele ya hilo la mwisho nikaandika jina langu na mahali lilipo. Meneja aliniuliza kama nimepata wazimu, akaniambia niende nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nilikuwa nimeshapeleka nakala kwa watu wa bima na kwa mkaguzi wa afya. Mzee Funguo amelazwa.

Dereva anayekuletea barua hii ana glavu na amri ya kuliondoa pipa. Msimpe mtu mwingine, msilikate, hata kuku wasinyweshwe humo. Jina la dawa nimeliandika kwenye kikaratasi kilichomo humu. Mpeni daktari, msisubiri nifike. Nitafika Jumamosi. Mama usimfiche. Mwambie ni mimi.

Kwa kawaida hapa ningewasalimia mmoja mmoja. Nimejaribu, na kila ninayemfikia ni mtu wa kupelekwa kupimwa: mama, shemeji, watoto, wewe mwenyewe. Na huyo uliyembeba tumboni, ambaye hata jina la kumsalimia bado hana.

Mimi mdogo wako,
nisiyejua nikuombeje radhi.