Wifi Yangu na Miezi Mitatu ya Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi. Mimi ni karani wa takwimu kwenye kliniki, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kusema kweli hatuivi chungu kimoja, ndiye muuguzi wa chanjo, basi mwezi uliopita niliingiza kwenye programu ya takwimu tarehe za watoto kuzaliwa na tarehe za sindano ya kwanza, ikatoa kwamba wifi anachelewesha watoto miezi mitatu, nikaandika ripoti, mkuu wa kliniki akanisifu kikaoni na wote wakapiga makofi, wifi akapewa barua ya kujieleza, Alhamisi anahojiwa na huenda akaondolewa kwenye kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa, na juzi ndipo nagundua programu ilikuwa inasoma mwezi kwanza wakati sisi tunaandika siku kwanza, yaani mtoto aliyezaliwa tarehe mbili mwezi wa tatu na kuchomwa tarehe tano mwezi huohuo, yenyewe ilisoma kazaliwa Februari kachomwa Mei, na siku zote kuanzia kumi na tatu, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, iliziacha tupu nami nikazifuta nikidhani wifi hakujaza, na wachache walitoka wamechomwa kabla ya kuzaliwa, hao nao nikafuta. Jana wifi kaja kunishikia mtoto anayeumwa, akaniuliza, "Wifi, wewe unajua hesabu, hebu niambie nimekosea wapi?" Nikamjibu nitaangalia. Niseme, au nirekebishe kimyakimya kwenye ripoti ijayo?

Karani Asiyetulia

Karani, pole, na sasa kaa vizuri nikuseme. Kompyuta haikuambiwa siku inatangulia, hilo linasameheka. Lakini umeona mtoto kachomwa sindano kabla hajazaliwa, ukafuta ukaendelea na kazi? Kama majibu yale yangemsifu wifi, ungeyaamini upesi hivyo? Usinijibu mimi.

Ripoti ijayo isahau, wifi anahojiwa kwa hii. Leo rudisha kila tarehe uliyofuta. Iambie programu siku, mwezi, mwaka, kisha chukua watoto ishirini uwalinganishe kwa macho yako na daftari la chanjo. Nenda kwa mkuu na ripoti zote mbili, ile ya kwanza na hii uliyosahihisha, useme "nimekosea mimi", wala usiisingizie mashine. Barua ifutwe kwa maandishi, na maandishi hayo yasomwe mbele ya walewale waliokupigia makofi.

Ila kabla ya mkuu, pitia kwa wifi. Alikuuliza akiwa amembeba mwanao mgonjwa, na jibu ulikuwa nalo.